Kilo zimepungua, utumbo je?

Matangazo ya kliniki za kupunguza uzito hufanana, yawe ya Dar es Salaam, Nairobi au Istanbul: picha ya kabla, picha ya baada, na kati yake idadi ya kilo zilizoondoka. Magazeti nayo hufuata mkondo huohuo. Mtu maarufu akifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, habari yake huanzia kwenye mizani na kuishia kwenye nguo mpya. Sina ugomvi na nguo mpya. Lakini upasuaji huu hauondoi mafuta ya kitambi wala nyama za mapaja. Unakata mfuko wa chakula, na mara nyingine unabadili njia ya utumbo, pale ambapo mwili hukutana kila siku na chakula na umati wa bakteria. Kwa hiyo kuupima kwa kilo peke yake ni kuupima kwa kipimo kisichouhusu sana. Ushahidi uliokusanywa kwa karibu miaka ishirini unaonyesha kwamba sehemu ya madhara ya unene uliokithiri hupitia kwenye ukuta wa utumbo, na kwamba ukuta huo haujali sana mizani inasoma nini. Unajali sukari iliyomo kwenye damu na chakula kinachoupitia. Mgonjwa, daktari na hata anayelipa gharama wakilielewa hilo, maswali yao kabla na baada ya upasuaji yatakuwa tofauti kabisa na yale tuliyoyazoea.

Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, zilizoshikana ubavu kwa ubavu kwa protini zinazofunga mianya iliyo kati yake. Seli hizo hazidumu: hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Juu yake kuna ute, na ndani ya ute huo zimo protini za kinga zinazozuia bakteria wasisogee karibu. Eneo lote la utando huo kwa mtu mzima hukadiriwa kuwa kama mita za mraba 30, nyingi kwa kitu chembamba kiasi hicho. Kazi yake ni ya kuchagua, kama chandarua: hewa ipite, mbu abaki nje. Sukari, mafuta, madini na maji lazima viingie. Bakteria na vipande vya miili yao lazima vibaki upande wa pili. Chandarua hakihitaji kuchanika vipande viwili ili mtu aumwe na mbu, na utumbo nao hauhitaji kutoboka ili damu ianze kupokea visivyotakiwa. Kulegea kidogo kwa muda mrefu kunatosha kuiweka kinga ya mwili katika hali ya kuwaka isiyozimika, hali ambayo madaktari huiita mchochota.

Mwaka 2007 Patrice Cani wa Ubelgiji na wenzake, akiwamo Rémy Burcelin wa Ufaransa, walichapisha utafiti uliogeuza mjadala huu. Waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi kwa wiki nne, wakaona kiwango cha sumu fulani kwenye damu kikipanda mara mbili hadi tatu. Sumu hiyo ni sehemu ya ganda la nje la baadhi ya bakteria wa utumbo. Hatua ya pili ndiyo iliyowashtua wengi: walichukua panya wengine waliokula chakula cha kawaida, wakawatia sumu hiyo kidogokidogo kwa wiki nne hadi kufikia kiwango kilekile. Panya hao nao waliongezeka uzito, sukari yao ikapanda, na maini yao yakaacha kuitii insulini. Kwa maneno mengine, kitu kilichovuja kutoka utumboni kiliweza chenyewe kuanzisha sehemu ya ugonjwa ambao tulizoea kuulaumu unene. Panya si binadamu, na wapo waliolishangilia jambo hili kupita kiasi. Hata hivyo, swali lilikuwa limewekwa mezani: je, unene ndio unaolegeza ukuta, au ukuta uliolegea ndio unaochangia unene na kisukari?

Jibu bora kwa swali hilo, kwa maoni yangu, lilitoka mwaka 2018, na halikumpendeza kila mtu. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha katika jarida la Science kwamba kinachoulegeza ukuta wa utumbo wa panya si unene wenyewe bali ni sukari iliyopanda kwenye damu. Panya wembamba kabisa walioharibiwa seli za kutengeneza insulini, wakapata kisukari bila hata chembe ya unene, walionekana kuwa na ukuta uliolegea; walipopewa insulini na sukari ikashuka, ukuta ukarudi katika hali yake. Kwa upande wa watu, wale ambao wastani wao wa sukari ulikuwa juu walikuwa pia na mabaki mengi zaidi ya bakteria kwenye damu. Mwaka huohuo kundi la watafiti wa Paris lilichunguza vipande vya utumbo mwembamba vilivyochukuliwa kutoka kwa watu wenye unene mkubwa. Udhaifu wa ukuta wao ulidhihirika hasa pale utumbo ulipokutanishwa na mafuta, na uliendana na mchochota na kisukari aina ya pili. Tukiziweka tafiti hizi mbili pamoja, picha inayojitokeza ni ya ukuta unaoumizwa na mazingira unamoishi: damu yenye sukari nyingi upande mmoja, chakula chenye mafuta mengi upande wa pili. Watu wawili wenye kilo 110 kila mmoja wanaweza kuwa na matumbo yasiyofanana hata kidogo, na mtu wa kilo 70 mwenye kisukari asichokijua anaweza kuwa na utumbo mbaya kuliko wote wawili.

Kuna mharibifu wa tatu, upungufu wa nyuzinyuzi kwenye chakula, na huyu sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kumfahamu mapema kuliko wengine, maana elimu yake ilianzia hapa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka ishirini hadi 1966, aliondoka na swali kuhusu kile ambacho wanakijiji walikula na Waingereza hawakukila. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet: wanakijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 za kinyesi kwa siku, mabaharia wa Uingereza na wake zao kama gramu 100, na chakula cha hao mabaharia kilikaa tumboni zaidi ya mara mbili ya muda. Burkitt hakuwa na njia ya kuuona ute wa utumbo ukifanya kazi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa nayo. Walipowanyima panya nyuzinyuzi, yaani makapimlo, bakteria waliozoea kuzila hawakufa njaa. Waligeukia ute unaoulinda ukuta na kuula. Ute ukawa mwembamba, na panya walipoambukizwa kijidudu cha kuharisha waliugua vibaya. Ndiyo maana siwezi kukubali usemi kwamba tofauti ya dona na sembe ni ladha tu. Katika kukoboa, tunaondoa chakula cha wale ambao wasipokula hicho watakula ukuta wetu.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi umetoka Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi waliwagawa vijana 77 wenye afya, wengine wa kijijini na wengine wa mjini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2025 katika Nature Medicine. Waliokuwa wakila vyakula vya asili waliwekwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha mtindo wa Kimagharibi, na wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, maharage, nafaka zisizokobolewa na mboga. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja. Muda huo mfupi ulitosha: alama za mchochota zilipanda kwa waliohamia chakula cha Kimagharibi, na kushuka kwa waliorudi kwenye cha asili na kwa wanywaji wa mbege (sitaki mtu alibebe hili kwenda nalo kilabuni kama cheti cha daktari). Utafiti huo ulihusu kinga ya mwili, haukuwa wa kupima ukuta wa utumbo, na siudai zaidi ya hapo. Ninachokiona ni kwamba chakula kiliibadili kinga ya mwili ndani ya muda mfupi sana.

Sasa tuje kwenye kisu. Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, daktari anaondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha kitu chembamba kama bomba. Katika ya pili, baipasi, anatenga kijifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Puto linalowekwa tumboni, ambalo limepata umaarufu Tanzania baada ya Hospitali ya Muhimbili Mloganzila kuanza kuliweka, halimo katika kundi hili: linajaza nafasi kwa miezi kadhaa kisha linatolewa, na njia ya chakula inabaki ileile. Kuyachanganya haya matatu, kama vyombo vya habari vifanyavyo, ni kumchanganya mgonjwa. Baada ya baipasi, wagonjwa wengi wa kisukari huona sukari yao ikishuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua kwa maana. Chakula kinafika haraka sehemu ya chini ya utumbo, ambako seli maalumu humwaga homoni zinazoamsha insulini na kupunguza hamu ya kula. Seli hizohizo hutoa homoni nyingine inayokuza na kuimarisha utando wa utumbo. Nyongo nayo hubadili mwendo, na jamii ya bakteria hubadilika pamoja nayo. Watafiti wa Sweden waliwachunguza wanawake waliokuwa wamefanyiwa upasuaji miaka tisa nyuma na kukuta bakteria wao bado ni tofauti. Bakteria hao walipohamishiwa kwa panya, panya hao walijenga mafuta kidogo kuliko wenzao.

Kwa kisukari, matokeo hayana ubishi mkubwa. Katika utafiti wa Cleveland Clinic wa wagonjwa 150, baada ya miaka mitano asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi na asilimia 23 ya waliokatwa mfuko walikuwa wamefikia kiwango cha sukari kilicholengwa, dhidi ya asilimia 5 ya waliotumia dawa peke yake. Kama hoja ya Weizmann ni ya kweli, kwamba sukari ndiyo mvunja ukuta mkuu, basi upasuaji unaoishusha sukari namna hii ulipaswa kuujenga ukuta upya. Na dalili zipo: protini ya damu inayoongezeka sumu ya bakteria inapovuja hupungua kwa wagonjwa wengi baada ya upasuaji, na alama za jumla za mchochota hushuka. Ila hapa mtu mwaminifu lazima apunguze mwendo. Tafiti zilizopima upenyaji wa utumbo wenyewe hazikubaliani. Baadhi zimeona nafuu, baadhi hazikuona mabadiliko, na kwa baadhi ya waliofanyiwa baipasi alama za mchochota kwenye kinyesi zilipanda hata pale zile za damu ziliposhuka. Sehemu ya tatizo ni kipimo. Njia ya kawaida ni kumnywesha mtu aina mbili za sukari zisizotumiwa na mwili, kisha kupima kiasi kinachotokea kwenye mkojo. Ukishaukatisha utumbo na kuunga upya, sukari hizo hazipiti tena njia iliyokuwa ikipimwa, kwa hiyo kulinganisha kabla na baada kunakuwa na mashaka. Mimi nalisoma hili kama onyo: upasuaji unabadili masharti ambayo ukuta unaishi nayo, na kama masharti hayo yataupa nafuu au yataupa kero mpya inategemea yanayofuata kwa miaka mingi.

Kuna wasomaji watakaoniambia kwamba habari za utumbo unaovuja ni biashara ya mitandaoni. Wana sababu. Chai za kusafisha tumbo, unga wa kuziba utumbo, vipimo vya damu vinavyodai kupima uvujaji kwa protini moja: vingi havina ushahidi wa kuvibeba, na kile kipimo cha protini kinachouzwa sana kimeonekana katika tafiti huru kukamata kitu kingine kisichokusudiwa. Lakini uongo wa wauzaji hauufanyi ukuta kuwa hadithi. Miaka mingi kabla ya biashara hiyo, madaktari wa watoto walijua kwamba watoto wanaokulia kwenye uchafu na maji yasiyo salama hupata utumbo uliochubuka, wenye mchochota na usiofyonza vizuri, na kwamba hali hiyo huendana na kudumaa. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa wa MAL-ED uliofuatilia jambo hilo kwa watoto wachanga. Kwa hiyo ukuta wa utumbo ni suala la Afrika Mashariki tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunalo katika nyumba moja kwa sura mbili, mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa kupita kiasi. Takwimu za taifa za Tanzania zilionyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi wakitoka asilimia 28 mwaka 2015/16 na kufika asilimia 36 mwaka 2022. Kenya, mwaka huohuo wa 2022, ilikuwa asilimia 45.

Pingamizi la pili ni la dawa mpya za sindano zinazoiga homoni ya utumbo. Kwa nini tukate watu wakati sindano ya kila wiki ya semaglutaidi hupunguza kama asilimia 15 ya uzito kwa zaidi kidogo ya mwaka? Dawa hizi ni nzuri, na kwa wengi zitatangulia kisu. Lakini waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Dawa ya maisha kwa bei ya sasa si jambo dogo kwa mshahara wa mwalimu. Zaidi ya hapo, dawa inapunguza kiasi cha chakula bila kumwambia mtu ale nini. Anayekula nusu sahani ya chipsi badala ya sahani nzima amepunguza kilo, na bakteria wake bado hawana nyuzinyuzi. Nasema hivyohivyo kwa aliyekatwa mfuko, na kwa yule mwenye jibu rahisi kuliko yote, kwamba wanene wale kidogo waache uvivu. Huyu wa mwisho angepata shida kueleza kwa nini homoni ya utumbo, mwendo wa nyongo na aina ya bakteria vinaweza kubadili uzito wa panya asiyejua maana ya uvivu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama: upasuaji huu ni anasa ya wachache, kwa nini nchi yenye uhaba wa madaktari bingwa iujadili? Kwanza, kwa sababu tayari unafanyika, hapa na nje, na wanaokwenda kuufanya ng'ambo wanarudi kuugulia nyumbani. Pili, kwa sababu faida yake kubwa iko kwa wagonjwa, si kwa wanaotaka umbo. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia zaidi ya watu 4,000 ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji, na baadaye ukakadiria kwamba waliongezewa takriban miaka mitatu ya kuishi, ingawa hawakuwafikia watu wa kawaida. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 umekwenda mbali zaidi na kuruhusu upasuaji ufikiriwe hata kwa wenye unene wa kiwango cha chini kama wana kisukari au maradhi ya namna hiyo. Hapo madaktari wenyewe wameanza kuupa ugonjwa uzito kuliko kilo. Kama fedha za umma au za bima zitatumika, ziwaendee hao kwanza.

Na ziendelee kuwafuata baada ya kushonwa, maana hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Aliyefanyiwa baipasi anahitaji vitamini B12, madini chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yake yote, na vipimo vya damu kila mwaka. Wengine hupata mawe ya nyongo, wengine kutapika kusikoisha kunakomaliza vitamini B1 na kudhuru ubongo. Pia anapaswa kukaa mbali na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za maumivu, kwa kuwa huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa, na dawa za kundi hilo hulegeza ukuta wa utumbo hata kwa mtu ambaye hajawahi kupasuliwa. Diklofenaki ndiyo dawa ambayo mtu yeyote huinunua katika duka la dawa la mtaani kwa maumivu ya mgongo, bila kuulizwa swali lolote. Kliniki inayomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani ikiwa imempa picha ya baada na tarehe ya kupimwa uzito, bila karatasi inayotaja dawa hizo kwa majina ya Kiswahili ambayo muuza duka atayaelewa, bila mtaalamu wa lishe anayejua bei ya maharage na mchicha sokoni, na bila njia ya kupata sindano ya B12 mkoani kwake, imefanya nusu ya kazi na kudai malipo yote.